Njia Aliyopita Mirambo

Njia inayopita nyuma ya nyumba ya bibi yangu, nje kidogo ya mji wa Tabora, ni nyembamba mno. Ukikutana na mtu aliyejitwika kuni, mmoja wenu lazima asimame majanini. Katikati imechimbika kama mfereji, kwa nyayo na kwa magurudumu ya baiskeli za mkaa. Masika ikijaa maji watu hukanyaga kingo, na kingo nazo zinageuka njia. Nimezaliwa nikaikuta na jina lake: njia ya Mirambo. Mtoto akichelewa kurudi kisimani anaulizwa, "Umepitia wapi wewe?" Akijibu, "Nimepitia kwa Mirambo," basi, yameisha, maana kila mtu anajua kwa Mirambo kuna mzunguko.

Mzunguko wenyewe ni huu. Ukitoka kwa bibi, baada ya hatua kama mia moja, njia inakata kushoto ghafla, inazunguka kitu kisichokuwapo, halafu inarudi mahali pake na kuendelea na safari yake. Hapo katikati hakuna jiwe wala kichuguu, ni majani tu. Nilikuwa darasa la tatu au la nne nilipomuuliza bibi kwa nini tusikate moja kwa moja. Akaniambia palikuwa na mti ulioanguka. Lini? Kabla yeye hajaolewa kuja pale. Watu wakauzunguka, mchwa wakaula, mvua ikaumaliza, na watu wakaendelea kuuzunguka.

Bibi hakusoma historia darasani, lakini kile alichonionyesha pale ndicho kilichochora njia nyingi za Unyamwezi. Misafara ya pembe za ndovu na majora ya nguo ilitembea kwa mstari mmoja, mpagazi nyuma ya mpagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani. Mtu mwenye mzigo huo hainami kuondoa gogo. Analizunguka, na mamia walio nyuma yake wanakanyaga alipokanyaga. Wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walipofika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857, walikuwa wametumia siku 134 kutoka pwani. Simama kwenye njia ya bibi uitazame inavyojipinda, utaelewa siku hizo zilikwenda wapi.

Mwanzoni mwa 2022, nchi nzima ilipokuwa inawekewa anwani za makazi kabla ya sensa ya Agosti 23, nilikuwa likizo kwake. Asubuhi moja wakaja vijana wawili, wameongozana na balozi wa nyumba kumi. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka anamenya viazi vitamu vya kutengeneza matobolwa. Tayari alikuwa ameshachemsha sufuria la kwanza, na vipande vilikuwa vimeanikwa juu ya jiwe lile pana la uani, vinaanza kukauka kingoni na kugeuka rangi ya asali. Wengi husema ni matobolwa hayo yaliyoupa mji huu jina lake, na mimi napenda kuamini hivyo, kwa kuwa sijui mji mwingine ulioitwa kwa chakula cha njiani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni."

"Bibi, tunaandika majina ya njia. Hii hapa nyuma inaitwaje?"

"Ya Mirambo."

Kijana akaandika kwenye simu yake. Jirani, mzee mmoja aliyekuwa anapita na mbuzi wake, akasimama. "Nani kasema ya Mirambo? Hiyo ni njia ya Kwihara. Baba yangu alikuwa akiita njia ya Kwihara." Kijana akafuta. Binti wa jirani, wa miaka kumi hivi, akadakia kwamba wao shuleni wanaita kwa Ng'wanamalundi. Kijana akamtazama balozi, balozi akasema mtakubaliana kwenye mkutano wa mtaa, wakaenda zao nyumba ya pili.

Majina matatu kwa njia moja, na wote watatu walikuwa wanasema kweli.

La mtoto lina mti. Karibu na mzunguko kuna mti mmoja mkubwa uliokauka wima, hauna jani hata moja, gome limebanduka ukabaki mweupe kama mfupa. Na huku kwetu, kama kule kwa watani zetu Wasukuma, mti mkubwa ukikauka wima kuna mtu mmoja tu wa kulaumiwa. Ng'wanamalundi alikuwa Msukuma, mcheza ngoma na mganga aliyefariki mwaka 1936, na hadithi zake zimevuka mipaka ya Usukuma zamani sana. Akinyoosha kidole mti unakauka. Wazungu wanamfunga, kesho yake anaonekana nje ya kuta. Husemwa jina alilipata kwa ajili ya miguu yake mirefu, na watoto wa mtaa wetu wanaongeza kwamba aliweza kulala Mwanza na kuamkia Tabora. Mimi mwenyewe nimepita chini ya mti ule nikikimbia, nimefumba macho, naogopa kutazama matawi. Njia iliyokufanya ukimbie ukiwa mdogo huisahau.

La mzee wa mbuzi lina mahali. Kwihara iko kusini-magharibi mwa mji, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa mguu, na huko ndiko liliko tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, walilokaa Livingstone na Stanley mapema mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani. Livingstone akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti, akaondoka, hakurudi tena akiwa hai. Waliomrudisha ni Chuma na Susi na wenzao, waliobeba mwili wake kutoka Zambia ya leo, wakapita Kwihara hapo hapo mwaka 1873, wakafika Bagamoyo Februari 1874, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Wageni wanaokuja kuliona tembe huambiwa sana habari za Livingstone. Mimi kila nikienda huwaza wale waliombeba. Sijawahi kuona kibao cha njia chenye jina la Chuma wala la Susi katika mji wetu, na miguu yao ndiyo iliyokanyaga hapa.

La bibi lina vita, na ndilo lililoleta ubishi.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, Jumamosi jioni. Mwenyekiti alieleza vizuri: kila barabara, kila mtaa, hata kijia, sharti kiwe na jina, na kila nyumba iwe na namba, ili gari la wagonjwa au la zimamoto lisipotee. Hilo hakuna aliyelipinga. Akina mama walikumbushana usiku ambao jirani yetu alishikwa na uchungu, na dereva akazunguka mara tatu akiuliza "kwa nani?" Kisha mwenyekiti akataka mapendekezo ya njia yetu. Bibi akanyoosha mkono, akasema jina lake lipo, ni Mirambo.

Mzee mmoja, mwenye kofia ya kufuma, akainuka taratibu. Alizungumza kwa sauti ya chini mpaka watu wakanyamaza wenyewe. Alisema, huyo Mirambo unayemtaja hakuwa mtu wa hapa. Alikuja hapa kutuchomea mji. Nyumba yako inaungua, halafu njia aliyokujia mchomaji unaiita kwa jina lake?

Mzee alikuwa na haki ya kusema vile. Kwetu shule inaitwa Milambo, kambi ya jeshi inaitwa Milambo, na Benki Kuu kule Dar es Salaam iko Mtaa wa Mirambo. Tumelizoea jina mpaka tumesahau kwamba Tabora ndiyo iliyokuwa adui yake. Mtyela Kasanda, ndilo jina lake la kwanza, alizaliwa miaka ya 1840 hivi, akarithi utemi mdogo wa Uyowa, akaupanua kwa vita mpaka ukawa dola inayoitwa Urambo, magharibi ya Tabora. Jina la Mirambo ni la vitani, na kwa Kinyamwezi maana yake ni maiti, maiti nyingi. Askari wake, rugaruga, wengi wao vijana wasio na wake wala mashamba, walizifunga na kuzifungua njia za misafara kama mtu anavyofunga na kufungua mlango wa nyumba yake.

Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga, Stanley akiwa pamoja nao na bunduki zake. Walipigwa wao, wakarudi mbio. Tarehe 22 ya mwezi huo huo Mirambo akawafuata mpaka hapa. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wao, alitoka kumkabili na watu wachache, akauawa. Sehemu ya mji ikateketea, na Stanley akiwa Kwihara akauona moshi, akaanza kutoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe akisubiri zamu yake. Mirambo hakwenda Kwihara. Alichukua alichotaka akaondoka.

Bibi alisema, na husema mpaka leo, kwamba aliondoka kwa njia yetu. Aliambiwa na mama mkwe wake, ambaye naye aliambiwa na waliokuwapo. Watu walijificha kwenye mtama wakawaona rugaruga wanapita mmoja mmoja, wamebeba majora ya nguo begani, hawazungumzi. Hilo la kutozungumza ndilo bibi hulirudia kila mara. "Mke mwenzangu," huniambia, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, "watu wengi vile, na usisikie hata kikohozi."

Basi bibi naye akainuka mkutanoni. Hakubishana na mzee juu ya moto. Alisema hivi, na nimeyashika kama alivyoyasema: "Mimi sijasema ni baba yangu. Nimesema alipita. Njia ni ya aliyepita."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Tumezoea kwamba kuipa njia jina la mtu ni kumpa nishani. Tunakaa, tunapima sifa, tunamtafuta aliyestahili, tunamwandika kwenye kibao. Watu wa zamani waliita njia kama shahidi anavyotaja jina mbele ya baraza. Njia ya Mirambo maana yake, hapa alipita Mirambo, tulimwona. Katika hilo hamna sifa wala laana. Ndiyo maana jina la adui likaweza kukaa kwenye midomo ya waliochomewa nyumba, na wajukuu zao wakalirithi bila kisirani.

Na Mirambo mwenyewe, ukimsoma kwa walioonana naye uso kwa uso, hakai kwenye sanduku moja. Stanley yule yule aliyetoboa ukuta akimwogopa, alikutana naye Aprili 1876, wakachanjiana udugu wa damu. Alitarajia kuona jambazi, akamkuta mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alipofariki Desemba 1884, dola yake haikudumu. Ilikuwa imesimama juu ya mtu mmoja.

Mkutano ukagawanyika. Wapo waliotaka Isike, na kwa kweli kama ni kutafuta shujaa wa Unyanyembe wenyewe, utemi wa hapa Tabora, ni yeye. Mtemi Isike alitawala tangu miaka ya 1870, akaikatalia serikali ya Wajerumani, akazuia mashambulizi yao mwaka 1892 akiwa ndani ya ngome yake. Januari 1893 walipovunja ukuta, aliingia kwenye ghala la baruti akaliwasha. Hakutaka wamshike. Hadithi hiyo kila mtoto wa Tabora anaijua, na jina la Isike limekwisha kupata mahali pake mjini, wala halihitaji kijia chetu.

Mama mmoja akauliza kwa nini majina yote ni ya wanaume. Akamtaja Mwami Theresa Ntare wa kule Kasulu, aliyeshika utawala wa Heru mwaka 1946. Watu wakampigia makofi, mwenyekiti akasema huyo ni wa Kigoma, wamwandike wao. Sikupenda jibu hilo, na nilimwambia mwenyekiti baada ya mkutano.

Mimi nilikuwa na jina langu, na nilikaa nalo kimya kwa sababu ya haya, nikiwa mjukuu aliyekuja likizo. Naliandika hapa. Ni Mnywa Sele.

Mtemi Fundikira wa Kwanza alifariki mwaka 1858, na Mnywa Sele akarithi Unyanyembe akiwa kijana. Akawaambia wafanyabiashara wa Kiarabu kwamba bidhaa zinazoingia katika nchi yake zitalipiwa kodi. Leo tungesema ni ushuru wa forodha, na hakuna ambaye angeshangaa. Waliokuwa wamezoea kupita bure wakashika bunduki. Mwaka 1860 wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Tangu hapo Mnywa Sele akawa mtu wa njia. Akazunguka porini na wafuasi wake, leo mashariki, kesho kusini, akishambulia misafara, akikimbizwa, akirudi. Speke alikutana naye mwaka 1861 huko nyikani kabla ya kufika Kazeh. Alikuja kambini kueleza kesi yake na kuomba asaidiwe kupatanishwa, naye Speke aliandika kwamba alikuwa mtu mzuri wa umbo. Speke alijaribu kupatanisha, haikuwezekana. Mwaka 1865 Mnywa Sele akakamatwa na kuuawa.

Miaka mitano mtemi halali akiishi kwenye vijia vya nyuma ya nchi yake mwenyewe! Kama kuna mtu ambaye njia nyembamba, zenye kona, zisizopitika kwa gari, ni zake, ni huyu. Mirambo ana kambi na shule na mtaa wa benki. Isike ana baruti yake. Mnywa Sele, nimezunguka mji huu kwa miguu toka utotoni, sijakutana na kibao chake hata kimoja. Hakushinda, wala hakufa kifo cha kusimuliwa. Alidai kodi akafukuzwa, akatembea mpaka wakampata.

Neno mtemi lenyewe limetokana na kutema, yaani kukata: kukata msitu watu wapate pa kukaa, kukata shauri watu wapate kuelewana. Na makazi yake ni ikulu, neno lile lile tunaloyaitia leo makazi ya Rais. Nikiwaza mtu wa kutema aliyetolewa ikulu akabaki anakata njia vichakani usiku, nasikia uchungu ambao sijui niupeleke wapi isipokuwa hapa.

Nirudi mkutanoni. Jua lilikuwa linazama, watu wamechoka, watoto wanalia. Kijana wa simu akaeleza kwamba jina la Mirambo lilikuwa limekwisha tumika karibu, na majina yakijirudia yanachanganya, kwa hiyo pendekezeni lingine. Mtu mmoja kutoka nyuma akasema, "Amani." Mwingine akasema, "Hilo zuri." Mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa, ikawa Njia ya Amani. Kibao kilikuja baadaye, kikasimikwa kwenye nguzo palepale njia inapoanzia barabarani, na namba ikabandikwa juu ya mlango wa bibi.

Simlaumu mtu. Yule kijana alikuwa na mitaa mingi ya kumaliza na alitusikiliza kwa adabu. Lakini huyo Amani hakupita pale. Hakuna aliyejificha kwenye mtama akamwona. Ukimwambia bodaboda wa Tabora akupeleke Njia ya Amani atakuuliza ni wapi. Mwambie kwa Mirambo, kabla hujafika kwenye mti wa Ng'wanamalundi, atakuuliza tu una shilingi ngapi.

Ningekuwa na uwezo, ningeweka kibao cha pili chini ya kile cha kwanza, kidogo tu, chenye maandishi ya mkono: hapa wazee wanasema alipita fulani, mwaka fulani, akienda wapi. Majina mawili kwenye nguzo moja hayagombani. Gari la wagonjwa litasoma la juu, na mtoto anayetoka shule atasoma la chini. Nimemwandikia mwenyekiti wa mtaa barua kuhusu hilo, na najua mitaa mingine ya mji ina wazee ambao bado wana majina ya namna hiyo mdomoni, wakiulizwa watayasema. Wakiulizwa mwaka huu. Yule mzee wa kofia ya kufuma alifariki mwaka jana, na mimi sikumuuliza njia ya nyumbani kwake iliitwaje.

Kuna jambo moja zaidi ninalotaka kuliweka hapa, kwa sababu sijaliona likisemwa na watu wa rika langu.

Msafara wa zamani ulikuwa na kirangozi. Ndiye aliyetangulia, amejipamba manyoya na nguo za rangi, amebeba mzigo mwepesi kuliko wengine, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Msafara wa watu mia tano unaweza kuchukua saa nzima kupita mahali pamoja, kwa hiyo wa mwisho hawamwoni wa mwanzo. Wakifika njia panda watajuaje? Kirangozi alikuwa anaifunga njia isiyo sahihi. Anavunja tawi au anang'oa majani, anayalaza kukatiza njia, au anachora mstari kwa mguu mchangani. Aliye nyuma akifika anaona tawi, anajua hapa hapapitwi, anashika upande wa pili. Hicho ndicho kilikuwa kibao chao. Hakikuwa na herufi, kilidumu nusu siku tu, na watu kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji walikisoma sawasawa.

Nilipoyasoma hayo kwenye maandishi ya wasafiri nilistuka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuyaona kwa macho yangu.

Desemba iliyopita nilirudi kwa bibi. Kuna mtu amenunua kiwanja pale kwenye mzunguko, amejenga uzio wa matofali, na uzio umeikata njia katikati, pamoja na ule mzunguko na mti uliokuwa hauonekani. Mti wa Ng'wanamalundi umebaki upande wa ndani, kichwa chake cheupe kinachungulia juu ya ukuta. Njia ya zamani inakwenda, inakwenda, inagonga matofali. Pembeni watu wameanza kukanyaga majani kufuata ukuta. Bado si njia, ni majani yaliyolala tu, yanainuka kidogo ukishapita.

Bibi siku hizi anatembea na fimbo. Tulitoka asubuhi kwenda kisimani, yeye mbele, mimi nyuma na ndoo mbili tupu, kwa sababu hakubali kuwa nyuma. Tulipofika pale njia inapogawanyika, ya zamani na hii mpya, alisimama. Kulikuwa na mwembe mchanga. Akavunja tawi, akalikunguta umande, akainama polepole huku ameshika fimbo, akalilaza kukatiza mdomo wa njia ya zamani. Akalisogeza kidogo kwa ncha ya fimbo mpaka likakaa sawa.

"Watoto wa shule wanapita hapa asubuhi na giza," akasema. "Watajigonga ukutani."

"Bibi, na hii mpya mnaiitaje?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza swali mapema.

"Hii? Ina wiki tatu. Chukua ndoo zako."

Nikazichukua. Akatangulia kwenye majani yaliyolala, mkono mmoja anapapasa ukuta, nami nikaweka mguu alipoutoa yeye.